Wageni hawakukula rezo

Hapa Koni kuna neno ninalolisikia kisimani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa: "Tangu wale wakimbizi wafike, rezo imekufa." Juma lililopita mama mmoja aliyekimbia vita pamoja na watoto wake alifukuzwa kwenye kibanda cha Wi-Fi. Alikuwa anangoja ujumbe wa sauti wa mume wake. Wakamwambia anakula mega za wengine. Hilo ninalikataa.

Vile vijiti vinne juu ya simu vinaonyesha tu kama simu inasikia antene vizuri. Havisemi watu wangapi wanagawana njia inayotoka pale. Ni kama bomba la maji: linaweza kuwa karibu na mlango wako, lakini watu mia wakifungua kwa mara moja, kila mmoja anapata matone. Watu wameongezeka, ndiyo, sitaficha. Lakini anayewauzia wote forfe ndiye wa kupanua bomba, si mama mwenye simu ya kioo kilichopasuka.

Wi-Fi yenyewe ni kipande cha mwisho tu, kutoka kisanduku mpaka simu. Vijana wanaolipisha watu "kufungua rezo" kwa kubadilisha neno la siri wanauza upepo.

Halafu umeme. Maji ya Lufira yanazungusha mashine hapa hapa kwetu, nasi tunawasha mishumaa! Umeme ukikatika, antene inabaki na betri au jenereta. Betri zikizeeka, au mafuta yakikosekana, inazimika, hata kama forfe yako ni ya mwezi mzima.

Mara nyingine kosa liko mbali kabisa. Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, mbele ya mlango wa mto Kongo, ukakata kebo za WACS na SAT-3. Intaneti ikalegea mpaka Afrika Kusini. Hapa, ikilegea mwezi wa nane, bado kuna anayesema ni mvua. Mvua gani wakati wa kiangazi?

Muuza forfe akipita tena, tumuulize mbele ya mkuu wa mtaa: betri za antene yetu zinashika saa ngapi, na nani anazibadilisha? Na yule mama arudishiwe nafasi yake kibandani. Mpaka jana hakuwa amesikia sauti ya mume wake.