Aondokapo Mwimbaji, Wimbo Haufi

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hugeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wanamuziki wanaothubutu kubadili mtindo. Bendi ikiondokewa na watu wake, kisha ikaanza kuimba kwa namna nyingine, mashabiki hulalama kwamba imeusaliti usanii wake. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na shahidi wangu ni bendi ya muziki wa roki ya Uingereza iitwayo Genesis.

Bendi hii ilizaliwa shuleni. Mnamo mwaka wa 1967, wanafunzi wa shule ya Charterhouse, miongoni mwao Peter Gabriel, Tony Banks, Mike Rutherford na Anthony Phillips, walishirikiana kutunga nyimbo. Phillips aliondoka mwaka wa 1970. Mwaka uo huo Phil Collins aliingia kupiga dramu, na mwaka wa 1971 Steve Hackett akaja na gitaa lake. Nyimbo zao zilikuwa ndefu mithili ya hekaya. Mmoja wa mwaka wa 1972 ulichukua takriban dakika 23. Gabriel naye alipanda jukwaani kwa maleba ya ajabu, mara kajivika kichwa cha mbweha, mara kajigeuza ua.

Mwaka wa 1975 Gabriel aliaga. Wengi walidhani bendi imekwisha. Waliosalia waliwajaribu waimbaji kadha wa kadha, wasimpate wa kuwaridhisha. Hatimaye Collins, aliyekuwa ameketi nyuma ya dramu zake aghalabu akiitikia, akasimama mbele. Mwaka wa 1977 Hackett naye akaondoka. Albamu iliyofuata, ya mwaka wa 1978, ilipewa jina la Kiingereza linalokiri kwamba sasa wamebaki watatu. Mafiga nayo ni matatu, na chungu kiliinjikika.

Hapo ndipo sauti ilipogeuka. Rutherford, mpiga gitaa la besi, alilazimika kuichukua kazi ya Hackett pia. Nyimbo zikafupika, na maneno yakaacha visasili yakageukia mapenzi na maisha ya kila siku. Mwaka wa 1986 wimbo wao "Invisible Touch" uliongoza orodha ya nyimbo maarufu Marekani. Wapenzi wa zamani wakanung'unika kwamba tamaa ya fedha imewapofusha.

Je, walitakiwa wafanyeje? Sauti ya bendi si joho linaloweza kuvuliwa na mmoja na kuvaliwa na mwingine. Sauti ni mikono na makoo ya watu maalumu. Mikono hiyo ikiondoka, waliobaki wana njia tatu tu: kuvunja kundi, kumwiga aliyeondoka, au kuimba kwa makoo waliyo nayo. Anayemwiga mwenzake hawezi kumpita. Huishi akipimwa kwa kivuli cha mtu mwingine. Huo ndio utumwa hasa.

Sisemi kwamba hakuna kilichopotea. Usimulizi wa Gabriel haukupata mrithi, na anayeulilia ana haki yake. Wala sisemi kwamba kila badiliko hufaulu. Collins alipoondoka mwaka wa 1996, bendi ilimwajiri Ray Wilson, mwimbaji hodari. Albamu yao ya mwaka wa 1997 haikuvuma Marekani, ziara ya huko ikafutwa, na kundi likasimama. Wilson si wa kulaumiwa. Lakini tuizingatie tofauti: Collins alikuwa amekaa ndani ya bendi miaka mitano kabla ya kushika usukani, Wilson alikabidhiwa usukani siku ya kuingia.

Nayasema haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu kwaya za shule zetu hupatwa na msiba huu kila mwaka. Msichana aliyekuwa nguzo ya kwaya humaliza masomo, na tamasha za muziki zinapokaribia, mwalimu humtafuta wa kufanana naye. Mtoto mwenye sauti nzito hulazimishwa kupaa asikofika. Akishindwa, huambiwa kwamba hana kipaji, na huenda asiimbe tena maishani. Kosa si lake. Kosa ni la wimbo uliochaguliwa kwa ajili ya aliyekwisha ondoka.

Mwalimu, yasikilize kwanza makoo uliyo nayo, ndipo uchague wimbo. Nawe mwanafunzi uliye safu ya nyuma, jifunze wimbo wote wala si kipande chako tu, kwani hujui lini utaitwa mbele.

Genesis ilipoaga jukwaa jijini London mnamo Machi 2022, Collins aliimba akiwa kitini, kwa kuwa afya haikumruhusu tena kupiga dramu. Dramu zilipigwa na mwanawe. Gabriel alikuwapo, ameketi miongoni mwa watazamaji.