Pombe si Tiba ya Mtetemeko wa Dawa



Hapa Iguguno, mtu akishika kikombe cha kahawa na mkono ukamtetemeka, watu hunong'onezana: "Huyo kalala kwenye mtukuru." Tunawausia waumini waiache dhana hiyo. Wapo miongoni mwetu wanaotibiwa maradhi ya akili, wakiwemo waliorejea kutoka Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ambao hutetemeshwa na dawa wala si pombe.

Dawa kama haloperidoli na klopromazini huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Kwa kuizuia, sauti zinazomsumbua mgonjwa hutulia. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosawazisha harakati za viungo. Ndipo mikono hutetemeka, mwili ukakakamaa na hatua zikawa nzito.

Msiba huanza pale mgonjwa anapoambiwa kuwa bilauri moja itamtuliza. Pombe huipa nguvu kemikali iitwayo gaba, inayoutuliza ubongo, na kuidhoofisha glutameti, inayouchangamsha. Haimrudishii kazi ya dopamini. Tena ikikutana na dawa hizo, usingizi huzidi na mtu huanguka ovyo. Akizoea kunywa kila siku, ubongo hujirekebisha kwa kujichangamsha zaidi. Pombe ikimtoka, baada ya saa kadhaa mtetemeko wa pili huja juu ya ule wa kwanza. Basi hunywa ili atulie, na hutetemeka kwa sababu alikunywa. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Tariq bin Suwayd alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa anatengeneza pombe kwa ajili ya dawa, naye akambainishia kuwa hiyo si dawa bali ni maradhi.

Je, wajibu wetu ni upi? Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake. Arejee kwa tabibu, ambaye huweza kupunguza kipimo, kubadili dawa au kuongeza nyingine ya kutuliza mtetemeko. Naye mlevi wa siku nyingi anapotubia, tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuacha ghafla bila uangalizi kwaweza kuleta degedege na hata mauti. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

Tukimtenga ndugu yetu kwa dhana tu, tutakuwa tumemsukuma kilabuni kwa mikono yetu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.