Nani nyumbani anajua kwamba una presha?

Mgonjwa anapofika kliniki akiwa na shinikizo la damu la 170/100, maswali yetu yanajulikana: unameza dawa, umepunguza chumvi, unavuta sigara? Maswali hayo ni ya lazima. Lipo jingine ambalo, kwa maoni yangu, tunaliacha bila sababu ya msingi: nani nyumbani anajua kwamba una ugonjwa huu?

Shinikizo la juu la damu, yaani 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, kwa kawaida haliumi. Mtu hujiona mzima ilhali moyo, figo na ubongo vinadhurika polepole. Mwenye homa hukumbushwa dawa na mwili wake mwenyewe. Mwenye presha hana wa kumkumbusha ila watu. Tena chakula hupikwa katika chungu kimoja. Kumwambia baba apunguze chumvi, wakati mpishi hajaambiwa lolote, ni kutoa ushauri nusu.

Lakini jambo hili halikomei kwenye vidonge na chumvi. Msongo usiopata pa kutulia huuweka mwili katika hali ya tahadhari: adrenalini huongeza mapigo ya moyo, mishipa ya damu husinyaa, na usingizi hupungua. Mwaka 2010 Louise Hawkley, John Cacioppo na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu wa makamo na wazee wa Chicago, Marekani. Waliojihisi wapweke zaidi mwanzoni ndio ambao shinikizo lao lilipanda zaidi katika miaka 4 iliyofuata, hata baada ya kuzingatia umri, magonjwa mengine, dawa na dalili za sonona.

Nasisitiza neno “waliojihisi”. Kwetu husemwa kwamba upweke ni shida ya Wazungu, kwa kuwa nyumba zetu zimejaa watu. Sikubaliani na hoja hiyo. Yupo mama anayelea wajukuu, anayemuuguza mume na kupigiwa simu na kila ndugu mwenye shida ya ada, naye hana hata mmoja wa kumpeleka kliniki. Amezungukwa na watu, hajategemezwa. Ukihesabu vichwa katika kaya yake utamwandika kuwa mwenye bahati.

Wala si kila msaada una faida. Jirani anayemwazima mgonjwa vidonge vyake, au anayemshauri aache dawa kwa kuwa kipimo “kimeshuka”, humdhuru kwa nia njema. Kipimo kimeshuka kwa sababu ya dawa hizo hizo! Ndiyo maana nataka wasaidizi waingie kliniki wakasikie maelezo, badala ya kusubirishwa kwenye benchi nje.

Magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu kuunganisha matibabu ya presha na kisukari na vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Shinikizo lilishuka katika makundi yote, pamoja na lile la huduma ya kawaida. Lilishuka zaidi pale kliniki ya kikundi ilipoambatana na akiba, ingawa tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kumaliza ubishi. Mimi naona inatosha kutufanya tuvitazame VICOBA na vyama vyetu kwa jicho la tabibu. Watu hao tayari hukutana kila wiki, na mashine ya kupimia presha hubebeka kwenye mfuko.

Kwa wahudumu wenzangu: kwa ridhaa ya mgonjwa, andikeni kwenye kadi jina la mtu mmoja anayemtegemea, na mwalikeni aje mara moja tu. Wapo wasiotaka ugonjwa wao ujulikane, hasa wenye hofu ya kupoteza kibarua au ndoa; hao waheshimiwe, wala wasishinikizwe. Nawe mgonjwa, usiwatangazie ukoo mzima. Chagua mmoja, mwoneshe vidonge vyako na saa ya kuvimeza, kisha mtajie tarehe ya kurudi kliniki.