KIPIMO CHA MIMBA HAKIONI ZEBAKI



Kile kijikaratasi cha kupima mimba kwa mkojo kina kazi moja tu. Ndani yake mna kingamwili, yaani askari mdogo aliyetengenezwa maabarani ili akamate protini moja, hCG, inayotolewa mwilini mimba ikiisha kushika. Akiikamata, mstari wa pili unatokea.

Lakini askari huyo haijui zebaki. Kwa sisi tunaoishi karibu na machimbo ya dhahabu, Kabambare au Kasongo, hilo ni jambo kubwa. Baba akichoma dhahabu yenye zebaki jikoni, mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mama anauvuta, unapita kondo la nyuma, unafika kwa mtoto na kuweza kuharibu ubongo wake. Kijikaratasi kitaonyesha mistari miwili tu, na nyumba itafurahi.

Wengine wanasema: «Tutaacha mimba ikionekana.» Sisi tunasema hiyo ni kuchelewa. Siku mstari unapotokea, mtoto ameisha kukaa tumboni majuma. Zebaki isichomwe nyumbani hata siku moja. Baba, kazi hiyo ni yako.