Pareto ya Rubavu: Nani atagharimia utafiti?

Thamani ya pareto inayolimwa Rubavu haionekani kwa macho. Imo katika pirethrini, sumu ya wadudu iliyo ndani ya ua, ambayo kiwanda cha Musanze huikamua kwa ajili ya soko la nje. Kiwango chake hutegemea mbegu, mwinuko wa shamba, wakati wa kuchuma na ukaushaji: maswali yanayomhusu mtaalamu wa mimea.

Awali wakulima wa Rwanda walipewa mafunzo kwa ubia wa kampuni ya SC Johnson, shirika la USAID na Chuo Kikuu cha Texas A&M. USAID ilifungwa mwaka 2025. Wafadhili huondoka, mashamba hubaki. Kiwanda kikigharimia masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rwanda, elimu itabaki nyumbani, mradi matokeo yamfikie mkulima na si mnunuzi pekee.