Makofi Hayalipi Nyumba

Tuambiane ukweli, watu wangu. Nairobi inampenda sana mtoto mwenye tarumbeta. Mtu mzima mwenye tarumbeta haina haja naye.

Mtoto wa miaka 11 akishika tarumbeta Korogocho, kamera zinafika kabla hajajua noti ya pili. Wageni wanashuka kwenye magari makubwa, wanasikiliza dakika kumi, wanafuta machozi, wanapiga selfi, wanaenda. Sina ubaya na mtoto huyo wala na wanaomfundisha. Ghetto Classics, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 palepale Korogocho, imewapa ala watoto ambao wengi wetu hatukuwa hata tunawafikiria. Heshima kwao. Swali langu linatuhusu sisi wengine: mtoto kama huyo akifika miaka 26, kazi yake anaijua, ana wenzake wanne na programu ya saa nzima, kwa nini hatushiki simu yake?

Nazungumzia kwinteti ya shaba. Tarumbeta mbili, honi ya Kifaransa ile iliyojikunja kama konokono, tromboni na tuba. Watu watano, basi. Hakuna kondakta wa kuwaonyesha njia, hakuna safu ya violini ishirini ya kujifichia. Kila mmoja ana sehemu yake peke yake, na akikosea, hata yule aliyefuata soda ya bure atasikia.

Sasa mwaliko wao huja hivi: "Hi boss, tuko na kashughuli Jumamosi. Mtupigie kama dakika 40 hivi. Bajeti imebana, lakini watu wakubwa watakuwepo, mtajulikana." Mwenye hema amelipwa. Mwenye viti amelipwa. Wa chakula alitaka pesa kabla hajawasha jiko, na akatumiwa. DJ alipata nusu yake kwa M-Pesa wiki mbili kabla. Ni hawa watano tu wanaoambiwa watalipwa kwa hewa, labda kwa sababu kazi yao ni kupuliza.

Haya, tuihesabu hiyo hewa. Bomba la tarumbeta ukilinyoosha lina karibu mita 1.4. La tuba kubwa linapita mita 5. Kulijaza pumzi likaimba chini kabisa bila kutetemeka, kisha ukavuta pumzi nyingine na wasikilizaji wasigundue, ni kazi ya miaka. Midomo ni misuli. Usipoifanyisha mazoezi kila siku, inakuaibisha mbele za watu. Ndani ya zile dakika 40 kuna wiki kadhaa za mazoezi ya pamoja, nauli ya watu watano kutoka Kayole, Rongai na Githurai, na konda anayemwambia wa tuba alipe viti viwili. Tuba nzuri mpya inauzwa bei ya gari la mtumba. Nani alilipia hayo yote? Yeye, au mamake, au chama cha mamake.

Najua majibu mnayotoa. Nimeyasikia yote matatu.

La kwanza: "Lakini huo ni muziki wa wazungu." Kweli? Nenda Lamu uone siwa ya shaba, ile baragumu kubwa ya kupulizwa ubavuni, iliyolia kwenye sherehe za watu wa cheo karne kadhaa kabla gavana yeyote wa Kiingereza hajashuka pwani. Wenzao wa Pate walikuwa na ya pembe ya ndovu. Lugha yenyewe inakumbuka: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kuanzia miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walizichukua tarumbeta na ngoma za bendi za kijeshi, wakazigeuza beni, wakashindana mtaa kwa mtaa kwa mavazi na madoido, mpaka mchezo ukasambaa Tanganyika na bara. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na bendi zake ziko nasi hadi leo. Nusu ya wapigaji shaba mnaowajua walijifunza kanisani au kwa mtu aliyejifunza kanisani. Sasa hiyo shaba ni ya nani?

Tena kuna jambo hapa hatulisemi. Mkenya akitaka mshahara wa kupuliza tromboni, njia ya uhakika ni moja: avae sare. Jeshi lina bendi. Polisi wana bendi. Magereza wana bendi. Siku ya Madaraka wanapita mbele ya rais wakiwa wamenyooka, na mwisho wa mwezi wana payslip. Hakuna anayewaambia watajulikana. Serikali inaelewa vizuri kabisa kwamba kupuliza shaba ni kazi, mradi mpulizaji apige saluti. Ni akiivua hiyo sare, akikaa kwenye kiti na wenzake wanne kupiga muziki waliouchagua wenyewe, ndipo kazi inageuka hobi.

La pili: "Soko ndilo linaamua. Watu hawaji." Soko halioti kama nyasi, linalimwa. Hakuna mji ulioamka siku moja ukiwa na kiu ya kwinteti ya shaba. London, Philip Jones alianzisha kundi lake mwaka 1951, wakati ambapo wengi waliijua shaba kama kelele za nyuma ya okestra. New York Brass Quintet ilianza 1954, American Brass Quintet mwaka 1960, na Canadian Brass pale Toronto mwaka 1970. Hao wa Canada hawakuanza na kumbi zilizojaa. Miaka ya mwanzo okestra ya mji wa Hamilton iliwachukua, wakawa wanazunguka kupiga mashuleni. American Brass Quintet wako Juilliard tangu 1987, wanafundisha na kupiga. Maana yake ni kwamba taasisi fulani ilikubali kuwalipa watu wazima watano ili wasikilizaji wapatikane baadaye. Sisi tunataka wasikilizaji kwanza, ndipo tufikirie kulipa. Tunataka mahindi kabla ya mbegu.

Na hao watu wasiokuja, mmewaendea wapi? Tamasha linawekwa Karen, Jumapili jioni, mahali ambapo bila gari unarudi na boda ya mia tano, kisha tunashangaa mbona Eastlands haikuja. Kwinteti ya shaba ndiyo tamasha rahisi kuhamisha kuliko yote. Haitaki piano. Haitaki spika wala jenereta. Inataka viti vitano, vishikio vitano vya karatasi na ukumbi wenye paa. Kaloleni kuna ukumbi. Mitaa mingine ya kaunti ina kumbi ambazo wiki nzima zimefungwa kufuli, zinangoja mkutano wa kisiasa.

La tatu ndilo linaniuma zaidi: "Si wanafanya kwa mapenzi?" Ndiyo, wanapenda. Daktari mzuri pia anapenda kazi yake, na bili yake unailipa. Mapenzi yao yamekuwa diskaunti yetu. Na matokeo tunayaona: wa honi anaenda Qatar kulinda lango, wa tuba anaendesha boda, wa tarumbeta anabaki kufundisha watoto wa matajiri jioni, kisha mwaka unaofuata tunakusanya tena watoto wapya wa miaka 11, kamera zinarudi, machozi yanaanza upya. Tunawatengeneza wanamuziki wa kutupa.

Kwa hivyo, haya ndiyo madai, na si mengi.

Mwenye shughuli: andika mkataba, tuma nusu kabla, maliza siku hiyohiyo. Kama huna pesa, cheza Spotify.

Mfadhili: unapofadhili mtoto, uliza ni kazi gani inamngoja mbele. Tenga fungu la kundi la watu wazima watano kwa miaka mitatu, lenye mshahara. Tenga lingine la kumlipa mtunzi aandike chakacha, benga na nyimbo za kanisani kwa shaba tano, kwa sababu Ewald na Malcolm Arnold ni wazuri, lakini hawakuwahi kupanda mathree ya Kariobangi.

Kaunti: fungueni hizo kumbi.

Wanamuziki wenyewe: acheni kukubali kazi ya bure halafu mlie kwa WhatsApp. Kila anayepiga bure anamshushia bei mwenzake. Kubalianeni bei ya chini kabisa, na mtu asiivunje, hata akiahidiwa nini.

Na wewe unayesoma hapa. Unalipa buku kumuona mtu akiimba juu ya rekodi yake mwenyewe. Bango la kwinteti likitokea, usimtumie rafiki yako wa tromboni ujumbe wa "niweke kwa list." Uliza ni ngapi. Lipa. Beba mtu mmoja ambaye hajawahi kusikia tuba kwa karibu, mkae mbele, na mkipenda kipande cha kwanza pigeni makofi hata kama sehemu zake hazijaisha, hakuna polisi wa makofi. Kisha mkitoka, yule wa honi awe na pesa ya nauli na ya nyumba, na Jumatatu asubuhi aamkie mazoezi badala ya kuamkia kutafuta kazi nyingine.