Bwaki na serumu: kwa nini chupa haimalizwi haraka

Kusini mwa Maniema, Kasongo na Kabambare, mtoto wa bwaki mara nyingi anafika hospitali akiwa amechelewa. Ameharisha siku kadhaa, amepewa dawa za nyumbani, kisha amebebwa kwa pikipiki kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha ni tope tupu. Mikono ni baridi, mapigo yanakwenda mbio lakini ni dhaifu, akiitwa haitiki. Waganga wanaita hali hiyo shoku: damu haifiki tena vizuri mwilini. Hapo familia inaomba awekewe serumu, tena haraka.

Ombi hilo si ujinga. Mtoto mwenye mwili mzuri akishikwa na kipindupindu, serumu nyingi ndiyo inamuokoa, na watu wameona. Lakini bwaki ni kitu kingine. Utapiamlo unakondesha hata moyo, si mikono na miguu tu, na chumvi inabaki mwilini. Yule aliyevimba miguu ana maji tele chini ya ngozi, ila ndani ya mishipa yanaweza kupunguka. Ukimmiminia mengi kwa mara moja, moyo unashindwa na maji yanaingia kwenye mapafu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, limeweka kipimo kidogo: mililita 15 kwa kila kilo, kwa muda wa saa moja, tena kwa mtoto aliye kwenye shoku tu. Mtoto wa kilo 6 anapata mililita 90. Chupa ya kawaida ina 500! Akipata nafuu, anarudishiwa kipimo kilekile. Asipopata, anatafutiwa damu, mililita 10 kwa kilo, polepole kwa saa 3. Sukari, antibiotiki na blanketi havingoji. Yule anayeharisha bila shoku anapewa ReSoMal kwa mdomo au kwa mpira wa puani.

Utafiti wa FEAST, uliotangazwa 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za shoku. Waliomiminiwa haraka, karibu 11 kwa kila 100 walikufa ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7. Wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Mwaka 2025 utafiti mwingine, wa watoto 272 wenye utapiamlo na kuhara, haukuona vifo vikizidi kwa serumu kuliko kwa maji ya mdomo. Kwa hiyo woga wa zamani pengine ulipita kiasi. Lakini watoto hao walichungwa karibu sana.

Na hapo ndipo ugumu ulipo huku kwetu. Kipimo hicho kinataka muuguzi akae kando ya kitanda, ahesabu pumzi na mapigo kila dakika 5 hadi 10, na afunge serumu mara vikipanda. Usiku, muuguzi mmoja akiwa na wadi nzima, nani atahesabu?